Kamera Mbili kwenye Sinia Moja

Benchi letu liko mbele ya studio ya picha ya marehemu mume wangu, kwenye kona ambapo mtaa wa mafundi cherehani unakutana na mtaa wa maduka ya vyuma. Zamani lilikuwa ndani, wateja walilikalia wakisubiri zamu. Alipougua tulilitoa nje ili apate hewa, na alipofariki sikuwa na nguvu ya kulirudisha. Sasa ni miezi minane. Nauza kahawa hapo, birika moja asubuhi na birika moja alasiri, na wanaokaa ni walewale watatu waliokuwa marafiki zake. Kuna Chaki, mwalimu mstaafu, ambaye hakosi methali ila hajawahi kuiweka mahali pake. Kuna Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini. Hata leo mtu akizungumza kwa kasi mbele yake, mguu wake wa kulia unakanyaga chini wenyewe. Na kuna Sekunde, fundi saa, mtu mpole, mwenye kuchelewa kila mahali. Marehemu naye alikuwa na jina lake hapa. Walimwita Tulia, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila mtu kabla hajabonyeza kamera.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi. Jumapili iliyotangulia binti yetu alikuja na boksi, akalifungua mezani bila kuniambia kuna nini, na mimi nikasimama. Niliiona kamera ya baba yake. Ngozi nyeusi mwilini, kichwa cha rangi ya fedha, vifundo vitatu juu, hata ule mkono mdogo wa kuvutia filamu. Akasema, hapana mama, hii ni mpya, haina filamu, ndani ni ya kisasa, wameivalisha tu nguo za zamani. Hata uzito wameulinganisha. Alitaka nifungue studio. Alitundika kibao mlangoni kwamba picha zinapigwa, nikamwambia nitafikiria, akaondoka, kibao kikabaki.

Ile ya baba yake ilikuwa kabatini, nimeifunga kwenye taulo. Ndani yake mlikuwa na filamu yake ya mwisho, ya picha thelathini na sita. Kidirisha cha namba kilisoma thelathini na moja. Zilibaki tano. Katika mji huu hakuna tena mtu wa kusafisha filamu, lakini binti alikuwa amempata mmoja huko anakofanya kazi, na Jumamosi angekuja kuichukua. Nilikuwa naingoja Jumamosi hiyo kuliko nilivyowahi kuingoja siku yoyote.

Breki ndiye aliyeanza.

Breki: Shemeji, tunasikia Tulia ametumiwa mdogo wake. Hatuonyeshwi?

Mimi: Nani kakwambia?

Breki: Mtaa huu hauna siri, una milango tu. Tuletee basi.

Nikaileta ile mpya kwenye sinia la vikombe. Breki alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Akavuta ule mkono mdogo.

Breki: Huu unavuta nini?

Mimi: Binti anasema hauvuti kitu.

Breki: Hauvuti kitu?

Mimi: Umewekwa ili kidole kipate kazi.

Breki: Yaani ni gia isiyoingia popote. Mimi nikikuta lori lina gia ya namna hiyo, nashuka, nafunga mlango, naenda zangu kwa miguu.

Sekunde: Na saa ziko hivyo siku hizi. Ndani betri, pembeni wamekuwekea kile kifundo cha kutia ufunguo. Naletewa moja kila wiki, mtu analalamika kwamba ameitia ufunguo lakini imesimama.

Breki: Unamwambiaje?

Sekunde: Nabadilisha betri. Kisha naitia ufunguo mbele yake, aondoke na amani.

Chaki: Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Breki: Mgema ni nani hapo, mwalimu?

Chaki: Kiwanda.

Breki: Na maji?

Chaki: Si haya, hakuna filamu.

Breki: Na tembo?

Chaki: Wewe kunywa kahawa.

Breki alicheka, akamwelekezea Chaki kamera usoni, akabonyeza. Ikalia kacha.

Nikageuza kichwa. Sikutaka kugeuka, shingo iligeuka yenyewe. Wote watatu waliniona, na Breki akairudisha kamera kwenye sinia taratibu.

Inanipasa kueleza. Asubuhi ya mwisho ambayo mume wangu aliweza kusimama, alitoka na kamera yake, akaniambia, kaa hapo kwenye benchi nikupige picha. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa alikuwa amepiga watu wote wa mji huu, na mimi alinipiga siku ya harusi na siku ya kitambulisho. Mikono yangu ilikuwa na masizi ya birika. Kichwani nilikuwa na kitambaa cha kazi, kimetoboka. Nikamwambia, kesho, nikishaoga. Nikampa mgongo nikaendelea kupuliza moto. Nyuma yangu nikasikia kacha. Au nilidhani nimesikia. Sikugeuka. Kesho yake tulikuwa hospitali, na kutoka huko alirudi amefunikwa. Mungu huniona kila nikipiga magoti, anajua kwamba tangu siku ile sijaomba mali wala afya. Nimeomba jambo dogo, nijue kama kacha ile ilikuwa ya kweli. Jibu lilikuwa kwenye filamu, namba thelathini na moja.

Sekunde alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Sekunde: Hiyo sauti si ya chuma, shemeji. Chuma kikigonga chuma huacha mwangwi mdogo mwishoni. Hiyo imerekodiwa. Kuna kispika humo ndani.

Chaki: Subiri. Wamerekodi sauti ya kamera, wakaitia ndani ya kamera?

Sekunde: Ndivyo.

Chaki: Kwa nini?

Na hapo mjadala ukaanza. Nikawajazia vikombe, maana nawajua.

Breki: Wameishiwa. Hilo halihitaji kwenda shule. Mtu akiishiwa maneno hurudia hadithi ileile. Mnamwona mwalimu.

Chaki: Sijaishiwa, nasisitiza.

Sekunde: Mimi naona ni mikono. Mikono ya watu ilizoea vifundo. Simu ni kioo kitupu, unakipapasa, hakikujibu. Mikono ikapata upweke.

Breki: Mikono inapata upweke?

Sekunde: Muulize mtu aliyezoea kushika kitu.

Hakunitazama aliposema hivyo, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Chaki: Nyote mmeenda kombo. Hii ni dhamiri. Kiwanda kiliiua kamera ya filamu kwa mikono yake. Sasa kinaota vibaya, kinamvalisha mtoto nguo za marehemu ili marehemu asikijie ndotoni. Ndiyo maana wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Breki: Kuku ametokea wapi tena?

Chaki: Ndiye mgeni. Hii mpya. Na kamba ni huo mkono usiovuta kitu.

Breki: Hapo karibu uipatie, mwalimu. Ilikuwa bado mita mbili.

Sekunde: Basi wataendelea kurudi nyuma. Mwakani wataleta ile ya kujifunika shuka jeusi.

Chaki: Na mwaka unaofuata sanduku lenye mchoraji ndani. Unabonyeza, anakuchora, anatoa karatasi kwenye tundu.

Breki: Kabla hajatoa unampa kahawa. Lakini nyie mnaona hapa karibu tu. Mimi nimeendesha usiku na mchana, nimefikiri sana barabarani. Hawa watu wa viwanda hawataishia kwenye kamera. Wataingia kwa watu. Utagongewa mlango, umeletewa boksi kubwa, unafungua, ni mume wako wa zamani. Sura ileile, shati lilelile, kikohozi kilekile. Ndani betri.

Sekunde alimkanyaga mguu chini ya benchi, lakini kama kawaida yake alichelewa, maneno yalikuwa yameshatoka. Breki akainama.

Breki: Shemeji, nisamehe. Ulimi wangu hauna breki.

Mimi: Akiletwa nitampokea. Ila usiku asipokoroma, nitajua si yeye.

Wakacheka. Chaki alicheka mpaka akavua miwani. Marehemu alikuwa anakoroma kiasi kwamba jirani alishawahi kugonga ukuta, na wote walikuwa wanajua. Kilikuwa kicheko cha kwanza cha kweli mahali pale tangu mazishi, na mimi mwenyewe nilicheka. Nasema haya ili mjue kilichonipeleka ndani. Hakuna aliyeniomba. Moyo ulikunjuka, nikataka awepo naye kidogo, acheke nasi. Nikaenda kabatini nikafungua taulo.

Kabla sijaenda, Breki aliniuliza hiyo mpya inaweka wapi picha kama haina filamu. Nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa na binti. Juu upande wa kushoto kuna kifundo. Ukikivuta kwenda juu, kinafungua kijimlango cha kadi. Breki akajaribu mara mbili, tatu. Alipenda kile kitendo. Na ndivyo ilivyo kwenye ile ya zamani, kifundo ni hichohicho, mahali ni hapohapo, isipokuwa kwenye ile ukikivuta unafunguka mgongo mzima. Hilo nililijua. Nimeolewa na mpiga picha.

Nikaiweka kwenye sinia kando ya mwenzake.

Mimi: Hii ndiyo yake. Ina filamu ndani, naomba mwiangalie tu.

Waliiangalia tu. Zilikuwa zimelala pale kama mapacha. Tofauti nilizozijua ni mbili: ya zamani ilikuwa na mkwaruzo chini, alipoiangusha siku ya mvua, na kidirisha chake kilisoma thelathini na moja.

Chaki: Sekunde, unaweza kuzitofautisha?

Sekunde: Kwa macho, ndiyo. Ngozi ya hii imelika kwenye kidole gumba. Ni kidole chake hicho.

Chaki: Na kwa mikono?

Breki: Mimi naweza. Gari jipya na la zamani nayajua nikiwa nimefumba macho. La zamani linakusalimia kwanza.

Chaki: Fumba basi.

Breki: Mwalimu usinichezee, mimi naweza.

Chaki: Nimesema fumba. Mwenda pole hajikwai.

Breki akafumba macho, akayafunika kwa kofia yake. Chaki akalizungusha sinia nusu mzunguko, kisha nusu nyingine, kama wanavyofanya wachezesha karata. Mimi niliona. Nilitabasamu. Kahawa ilikuwa inataka kufurika kwenye jiko, nikawapa mgongo nikainua birika.

Nyuma yangu nilisikia Breki akisema: Hii. Hii ndiyo mpya, haijanisalimia. Ngoja niwathibitishie, kadi yake hii hapa.

Nikasikia Sekunde akisema: Su...

Alitaka kusema subiri. Mungu amjalie, hajawahi kuwahi popote.

Haikulia kacha. Ilikuwa sauti ndogo, tak, kama mtu anayevunja kijiti. Mara hii niligeuka. Mgongo wa kamera ya mume wangu ulikuwa wazi kwenye jua la alasiri, na ndani niliona ukanda wa rangi ya majivu umenyooka, unang'aa. Breki alikuwa bado amefumba macho, anapapasa kadi kwa kidole. Chaki akamwita kwa jina lake halisi, jina alilopewa na mama yake, ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye kona ile. Breki akafumbua macho. Nikaona mguu wake wa kulia ukikanyaga chini kwa nguvu zote, vumbi likaruka.

Aliufunga mgongo kwa viganja viwili na kuushikilia, kana kwamba mwanga ulikuwa unataka kutoka na yeye anauzuia. Au kuingia. Sijui.

Nilimpokonya. Nikatazama kidirisha. Kamera ile ukiifungua, namba hurudi mwanzo yenyewe, maana inadhani unaanza filamu nyingine. Thelathini na moja haikuwepo tena.

Sikulia. Niliketi kwenye kigoda changu cha jikoni na kamera mapajani. Sinia lilikuwa limebaki na kamera moja, kisha nikainuka nikairudisha na ile, kwa sababu sikujua jambo lingine la kuifanyia.

Chaki: Maji yakimwagika hayazoleki.

Ilikuwa mara ya kwanza methali yake kukaa mahali pake. Naye alijua, kwa sababu alifunika mdomo kwa mkono.

Breki: Ilikuwa muda gani? Haikufika hata sekunde mbili.

Chaki: Ilifika.

Breki: Haikufika, mwalimu. Na mimi nilikuwa nimeinama. Mimi ni mtu mnene, kivuli changu kilikuwa juu yake. Si kilikuwa juu yake?

Chaki akainua macho juu.

Breki: Na jua lenyewe la alasiri. Hili si jua la mchana. Limechoka. Jua la namna hii hata nguo halikaushi.

Chaki: Kulikuwa na wingu. Mimi nililiona. Lilipita wakati uleule.

Breki: Enhe. Wingu, na kivuli changu. Na filamu za zamani zilikuwa ngumu, si kama hizi. Nilishasikia ya mtu iliyoanguka mtoni, ikakaa humo wiki nzima, picha zikatoka.

Chaki: Na pia picha ikishaingia imeingia. Mwanga ni mwanga. Mwanga uliotengeneza picha na mwanga ulioingia sasa ni ndugu. Ndugu hawezi kumla ndugu.

Breki: Huyo ni mwalimu, shemeji. Sikiliza mwalimu.

Walikuwa wanazungumza kwa haraka, kila mmoja akimkabidhi mwenzake neno kabla halijapoa, wakiogopa kitakachotokea wakinyamaza. Sijawahi kusikia nadharia za ajabu kama zile pale kijiweni, na nimesikia nyingi. Nikamgeukia Sekunde, kwa sababu yeye alishawahi kuifungua kamera ile kwa bisibisi zake ndogo, na hajui kudanganya.

Mimi: Shemeji. Wewe niambie.

Alichukua muda wake.

Sekunde: Filamu ikipigwa hujizungusha kwenye kijiti upande wa kulia. Ya kwanza inakuwa ndani kabisa, nyingine zinaifunika. Kwa hiyo zile za mwanzo huenda zimepona. Zimefunikwa na wenzao.

Mimi: Na ya mwisho?

Sekunde: Ya mwisho inakuwa juu.

Mimi: Nieleze vizuri.

Sekunde: Inakuwa juu, shemeji. Ndiyo inayopokea mwanga kwanza.

Akaweka kikombe mdomoni, akanywa. Kilikuwa kitupu tangu zamani, na wote tulijua.

Sekunde: Kuna kitu kingine. Tano zilizobaki hazijatoka kwenye kopo lake. Mle ni giza. Labda moja imeguswa, lakini nne ziko salama. Zilizoungua ni zilizopigwa. Ambazo hazijapigwa ni nzima.

Mimi: Hizo ndizo nzima?

Sekunde: Ndiyo.

Breki alitoka kwenye benchi akaja kuchuchumaa mbele ya kigoda changu. Ni mtu mkubwa, magoti yake yalilia. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Breki: Shemeji, mimi nilikuwa nimefumba macho.

Mimi: Najua.

Breki: Ningekuwa nimefumbua nisingegusa. Na Tulia alikuwa ndugu yangu, wewe unajua. Alinipiga picha ya leseni mara tatu kwa sababu nilikuwa nacheka.

Mimi: Najua, shemeji. Nimekusamehe.

Nilisema kwa mdomo kwanza. Tumefundishwa kusamehe, na nimeona kwamba mdomo ukitangulia, moyo hufuata, ingawa kwa mwendo wake. Siku ile ulikuwa bado nyuma sana. Tena nisingeweza kumtupia yeye mzigo wote. Nani alimfundisha kukivuta kile kifundo? Nani aliifungua taulo, siku mbili tu kabla ya Jumamosi? Na kama asubuhi ile ningekaa kwenye benchi dakika moja na masizi yangu, nisingehitaji filamu kuniambia kitu.

Chaki: Shemeji, ulisikia kweli siku ile? Ile kacha.

Mimi: Sijui, mwalimu. Siku nyingine nasikia mpaka namwona amesimama. Siku nyingine nasikia kijiti kinavunjika kwenye moto.

Chaki alitikisa kichwa. Nilimwona akitafuta methali. Aliitafuta mpaka midomo ikasogea, akaiacha.

Tukiwa hivyo, mtu akavuka barabara kuja kwetu. Hatukumjua. Alikuwa fundi mwashi, mwiko umechomekwa kwenye mkanda, saruji imemkaukia mpaka kwenye kope. Umri wake ni kama wa binti yangu. Akatusalimia vizuri, akasoma kile kibao mlangoni kwa sauti ya chini, kisha akatugeukia.

Mwashi: Shikamooni. Kibao kinasema mnapiga picha. Nataka moja, ya kumtumia mama.

Chaki: Marahaba. Na hizo nguo?

Mwashi: Zina nini?

Chaki: Hutaki kwanza ukaoge, ubadilishe?

Mwashi: Mama amesema anataka kuniona nilivyo. Hizi ndizo ninazovaa. Tena nikienda kuoga nitapitiwa na usingizi, najijua.

Akatazama sinia na kamera mbili. Akamtazama Breki aliyekuwa bado amechuchumaa, akamtazama Chaki, akamtazama Sekunde.

Mwashi: Sasa mpiga picha ni nani hapa?

Breki akamtazama Chaki. Chaki akaanza kufuta miwani yake kwa ncha ya shati. Sekunde akaangalia saa ya mkononi, kana kwamba kuna saa ambayo jibu lingefika. Hao ndio watu watatu ambao tangu mchana walikuwa wanajua siri zote za viwanda vya dunia. Nikainua birika nipate cha kufanya. Yalitoka machicha tu.

Nikafungua mdomo nimwambie aje kesho. Binti angekuja Jumamosi, labda yeye angempiga. Neno lilifika kwenye ulimi. Nililijua ladha yake, na halikutoka.

Mimi: Kaa hapo, baba.

Breki aliinuka, akampisha. Chaki na Sekunde nao wakainuka, mmoja baada ya mwingine, benchi lote likabaki wazi, na kijana akaketi katikati na vumbi lake, akaweka mikono magotini. Akaniangalia. Alikuwa ameshatulia bila kuambiwa.

Nikanyoosha mkono kwenye sinia. Zilikuwa mbili, zimelala ubavu kwa ubavu, na mikono yangu ilikuwa na masizi.